Tumeishi miaka 11 bila ndoa, kibanja ni cha nani?

"Shangazi, naishi Mukono na baba watoto wangu, miaka 11 sasa, na watoto watatu. Kibanja tulikinunua mwaka 2017. Nusu ya pesa niliitoa mimi, kwa kuuza mukene (dagaa) na kwa mkopo wa kikundi, lakini mkataba una jina lake peke yake. Sasa anajiandaa kwenda kwanjula, kujitambulisha kwa wazazi wa msichana mwingine anayetaka kumwoa. Majirani wanasema kwa miaka hiyo yote sheria inanihesabu mke. Ni kweli?"
Mama Watatu, Mukono

Mwanangu, majirani wanakupotosha. Uganda haina sheria inayogeuza miaka ya kuishi pamoja kuwa ndoa, hata iwe 30. Ndoa zinazotambuliwa ni ya serikali, ya kanisa, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kimila. Je, aliwahi kuja kwenu? Kama mahari yalikabidhiwa na mila zenu zikatimizwa, wewe ni mke wa kimila hata kama hamkuandikisha gombolola (ofisi ya kata). Barua yako haisemi, nami nahofia hakuja.

Basi tuzungumze kibanja, maana hapo una pa kusimamia. Hutadai kama mke, utadai kama mtu aliyetoa pesa yake. Mahakama inaweza kuamua kwamba sehemu ya kibanja ni yako ijapokuwa jina lako halimo kwenye mkataba, ukionyesha nusu ile ilitoka wapi. Kupika, kufua na kulea kwa miaka 11 ni mchango mkubwa, lakini kwa asiye na ndoa ni vigumu mno kuupa thamani mbele ya hakimu. Inaniuma kukuandikia hivyo.

Kwa hiyo kusanya ushahidi, kimya kimya. Meseji za pesa ulizotuma kwa simu, risiti za simenti na mabati, majina ya waliokuwepo siku ya mauziano. Piga picha mkataba, umtumie ndugu unayemwamini. Kama mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alitia sahihi, huyo ni shahidi. Na mwenye ardhi ambako kibanja kipo, anayepokea busuulu (kodi ya kila mwaka ya kibanja), pia, kama aliwahi kuipokea mkononi mwako. Kisha nenda kwa wakili. FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa.

Usichelewe. Akimwoa huyo msichana, ndiye atakuwa mke kisheria. Wakiishi hapo, Sheria ya Ardhi itataka idhini yake kabla nyumba haijauzwa, wala wewe hutaulizwa. Mwanaume akifariki bila wosia, asilimia 20 ya mirathi ni ya mjane wa ndoa.

Watoto wako hawaguswi na hayo. Wamo katika asilimia 75 ya mirathi inayokwenda kwa watoto, sawa na wengine wote atakaozaa, na matunzo ni wajibu wake. Akikwepa, mwone afisa wa ustawi wa jamii wilayani. Akikupiga au kukunyima mahitaji, Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 inakulinda hata bila ndoa.

Kama hakuna anayekutishia maisha, usihame kwa hasira. Kesho, kabla hujafungua meza yako sokoni, pitia kwa katibu wa kikundi umwombe nakala ya ukurasa wa mkopo ule wa 2017.