Kulia jukwaani na kushindwa kunyamaza nyumbani

Pole sana, dada. Umesema unaigiza mama aliyefiwa na mtoto, machozi unayapata kwa kumkumbuka marehemu mama yako, kisha usiku hupati usingizi. Yamenikuta pia. Msiba wako mwenyewe ukishaufungua, haujui kwamba pazia limefungwa.

Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi, alianza na kumbukumbu za namna hiyo, lakini miaka ya 1930 akaegemea zaidi vitendo vya mwili. Fuata huko: kunja nguo za mtoto polepole, bana pumzi. Watazamaji hulia zaidi wakikuona unavyojizuia.

Ukimaliza vua maleba, nawa uso, waite wenzako kwa majina yao halisi. Usingizi ukikukimbia wiki mbili, tafadhali muone mshauri nasaha.