Imelehemiwa na shaba, kwa shaba au kwenye shaba?

SWALI: Nafundisha ufundi wa vyuma chuoni, Morogoro. Kwenye maelezo ya wanafunzi niliandika: "Grafiti imechomelewa na shaba ndani ya tanuri." Mwenzangu akafuta, akaandika "imelehemiwa na shaba". Nani kapatia?

JIBU: Mwalimu, kwenye kitenzi kapatia mwenzako. Kwenye hiyo "na" mmeteleza wote wawili.

Kuchomelea, kwa fundi wa mageti, ni kuyeyusha kingo za vyuma vyenyewe mpaka vishikane. Grafiti, yaani kaboni nyeusi kama ya moyo wa penseli, haiyeyuki hivyo. Katika kanieneo (mgandamizo) ya kawaida ya hewa, ukiipasha hadi nyuzi 3,600 hivi za Selsiasi inageuka mvuke moja kwa moja. Kinachoyeyuka ni madini ya tatu yanayowekwa katikati, nayo ndiyo lehemu. Najua fundi friji husema "nachomelea" hata anapounga mabomba ya shaba, na mteja wake anamwelewa vizuri tu, ila mwanafunzi anahitaji kutofautisha. Na kwa kuwa fundi redio naye hulehemu, kwa lehemu inayoyeyuka chini ya nyuzi 450, mara ya kwanza andika "kulehemu kwa joto kali", kisha endelea na "kulehemu".

Sasa hiyo "na". "Imelehemiwa na shaba": shaba ni kipande cha pili, au ndiyo lehemu yenyewe? Kwenye geti la chuma swali hili lisingezuka. Hapa linazuka, maana lehemu mojawapo inayotumika sana kwa grafiti ni mchanganyiko wa fedha na shaba uliotiwa kidogo metali iitwayo titani. Bila titani, mchanganyiko huo ukiyeyuka hujikusanya matone juu ya grafiti kama maji juu ya jani la magimbi. Titani hushikana na kaboni, ikafanya tabaka jembamba la kabidi ya titani, na juu ya tabaka hilo lehemu hutandaa.

Kwa hiyo kipande kipe "kwenye", lehemu ipe "kwa": "Grafiti imelehemiwa kwenye shaba kwa mchanganyiko wa fedha, shaba na titani, ndani ya tanuri la ombwe", yaani tanuri lililoondolewa hewa. Ukitaka vipande viwili viwe sawa: "Grafiti na shaba zimelehemiwa pamoja."

Tahajia pia: ni "lehemiwa", si "lehemewa" wala "lehemuliwa". Kitenzi hiki chenye asili ya Kiarabu kinaishia na -u, na mwendo wake ni ule ule wa hukumu na laumu: hukumiwa, laumiwa.