Ofisi janja ianze na hewa na umeme, kamera zitafuata

Watu wengi wakisikia ofisi janja wanawaza mlango unaofunguka kwa uso, skrini kubwa ukutani na kidude cha kuongea nacho mezani, na wauzaji nao wanakuja na hayo hayo, wanakupa bei ya jumla inayotisha, bosi anakunja sura na habari inaishia hapo. Mi nasimamia ofisi ya watu wachache hapa Dar, kazi zetu ni za mizigo na forodha, tupo kwenye jengo la ghorofa la zamani, na kwa yale tuliyofanya hapa ushauri wangu ni kwamba uanze na vitu vinavyowachosha watu wako kila siku, uvipime kwanza, ndio ununue, tena kidogo kidogo. Na kwa ofisi nyingi za mji huu vitu hivyo ni hewa na umeme.

Nianze na hewa manake hii ndio watu hawaiamini. Hivi viyoyozi vyetu vya kawaida, kipande kimoja ukutani ndani na kingine nje, haviingizi hewa mpya kabisa, vinachukua hewa ile ile ya chumbani vinaipooza vinairudisha. Sasa watu wanane mkijifungia chumba cha mikutano na dirisha limefungwa ili ubaridi usitoke, mnachovuta ni pumzi zenu wenyewe. Ikifika saa nane mchana kila mtu anapiga miayo, macho mazito, na lawama zote zinaenda kwa wali maharage. Chakula kinachangia ndio, ila sio peke yake.

Kuna kidude cha kupima hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, kinakaa mezani kama saa ya kengele, kinaonyesha namba tu. Hewa ya nje siku hizi inasoma kama ppm 420 na kitu, yani sehemu 420 katika kila milioni ya hewa. Ndani ikivuka 1,000 wataalamu wa majengo wanachukulia kwamba hewa safi inayoingia haitoshi kwa idadi ya watu waliopo. Sisi nilikiweka katikati ya meza siku ya kikao cha wiki, AC inanguruma, mlango umefungwa, na namba zikawa zinapanda tunaziona, mia saba, mia tisa, elfu moja na mia mbili, na kikao hata katikati hakijafika. Dada wa uhasibu akaniuliza, "Kaka, hicho kidude mbona namba zinapanda tu?" Nikamweleza. Mzee wetu wa upande wa forodha, ambaye vifaa hivi huwa hana muda navyo, akanyanyuka mwenyewe akafungua madirisha mawili, akasema "jamani tunajimaliza humu ndani". Baada ya dakika chache tu ikashuka mpaka mia sita hivi. Tangu siku ile sijawahi kulazimika kumbembeleza mtu afungue dirisha.

Ukitaka kununua angalia kimeandikwa NDIR, hiyo ndio teknolojia inayopima hewa ukaa yenyewe kwa mwanga. Vipo vya bei chee mtandaoni ambavyo havipimi, vinakisia tu kutokana na harufu na kemikali nyingine, ukipulizia pafyumu namba inaruka. Njia rahisi ya kukijaribu ni kukitoa kibarazani ukakiacha hapo dakika kadhaa, kikisoma karibu na 420 kiko sawa, kikikaa 800 huko nje rudisha dukani. Afu dawa yenyewe sio kubwa. Feni ndogo ya kutolea hewa ukutani, unaiwekea soketi janja inayoiwasha kikao kikianza na kuizima jioni, na dirisha la upande wa pili mnaliacha wazi kidogo ili hewa iwe na pa kuingilia. Feni ya namna hiyo inakula umeme mdogo sana kwahiyo soketi janja inaimudu bila shida.

Na hapo hapo kwenye AC kuna lile jambo la nyuzi 16. Mtu anaingia katoka juani kwenye joto la 32, anakamata rimoti anashusha mpaka 16 akiamini chumba kitapoa haraka. Hakipoi haraka, AC inapooza kwa nguvu zake zile zile, tofauti ni kwamba haijui wapi pa kusimama. Matokeo yake dada zetu wanashinda wamejifunga mitandio na sweta ndani ya Dar es Salaam! Weka 24 au 25 na feni ya kawaida inayosukuma hewa taratibu, watu wanakaa vizuri na umeme unapungua.

Sasa umeme. Hesabu hii nilimwandikia bosi kwenye karatasi na ndio iliyomfanya akubali. AC ya BTU 12,000 ikisahaulika imewaka toka Ijumaa saa 11 jioni mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi ni masaa 63. Chukulia inavuta wastani wa wati 700, manake haivuti fulu muda wote, hapo ni yuniti 44. LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ya elfu kumi kwa matumizi ya kawaida inakupa kama yuniti 28, kwahiyo AC moja imekula zaidi ya elfu kumi na tano kwa wikiendi ambayo hakuna hata mtu mmoja ofisini. Zidisha kwa AC ulizonazo. Bosi akaniambia tu, "Haya, kanunue hicho kitu."

Kitu chenyewe ni rimoti janja, kisanduku kidogo unakipachika mahali kinapoiona AC, kinajifunza mawimbi ya rimoti yako ya kawaida, afu unakipangia kwenye simu kwamba saa 12 jioni zima kila kitu. Tafadhali usichomeke AC kwenye soketi janja. Nyingi zimetengenezwa kwa ampea 10 au 16, na AC hasa za zamani zinavuta umeme mwingi pale kompresa inapowaka, soketi inapata moto, plastiki inalainika, na huo ni moto wa kuunguza jengo kabisa. AC iwe na waya wake na swichi yake kwenye boksi, afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, sio kijana yeyote mwenye testa.

Kuna mpangilio mmoja kwenye hizi soketi ambao watu wengi hawaugusi, nao ni kwamba umeme ukikatika afu ukarudi, soketi iwe katika hali gani. Chagua ibaki imezimwa, au irudi ilivyokuwa, kulingana na kifaa. Ukiacha kila kitu kijiwashe chenyewe basi umeme ukirudi usiku printa, feni na mashine ya kahawa vyote vinaamka kwa pamoja kwenye ofisi tupu, na huo umeme wa mwanzo huwa unakuja umechafuka, yani haujatulia.

Kwa ruta nina maneno machache tu lakini yana faida kuliko vyote nilivyosema. Zipo UPS ndogo za ruta, yani betri za akiba, za waya mwembamba wa volti 9 au 12, na zinashikilia intaneti masaa kadhaa. Soma kwenye adapta yako imeandikwa volti ngapi kabla hujanunua. Na kama mnatumia faiba kumbuka kile kisanduku cheupe ambapo waya wa faiba unaingia nacho kina adapta yake, ukiwasha ruta peke yake na hicho kimezimika hamna intaneti. Sisi umeme ukikatika katikati ya kutuma nyaraka za mteja, laptopu zina chaji, ruta iko hewani, kazi inaendelea na mteja hajui kama kulikuwa na tatizo.

Halafu kuhusu kutegemea intaneti kwa kila kitu, tukumbuke Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu siku moja na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile kifaa kinachohitaji kwenda mpaka seva ya Ulaya ndio kiwashe taa ya hapo ulipo kinakuwa pambo. Kwahiyo nunua vile vinavyofanya kazi hata intaneti ikiwa haipo, rimoti za kawaida ziwekeni kwenye droo, na mlango wowote wa kielektroniki uwe na ufunguo wa chuma, na ufunguo ujulikane uko kwa nani. Pia vifaa vingi vinashika waifai ya gigahezi 2.4 tu, ile ya 5 haviioni, fundi anaweza kukusumbua siku nzima kumbe tatizo ni hilo. Vitengenezee mtandao wake, usivichanganye na kompyuta zenye nyaraka za wateja, na ile pasiwedi ambayo kifaa kimekuja nayo toka kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye alama za vidole, na hapa naomba mnielewe kwa sababu linanikera kutoka moyoni. Wauzaji wanaipenda mashine ya mahudhurio kwa kidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za kibaiometria kwenye kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume ya kuisimamia. Wenzetu Kenya walishakuwa na sheria yao tangu 2019. Yani huwezi tu kukusanya vidole vya watu ukaviweka kwenye kompyuta ya mapokezi isiyo na pasiwedi. Pasiwedi ikivuja unabadilisha, kidole unabadilishaje? Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, mama anayetusafishia ofisi vidole vyake vimelika kwa sabuni na maji ya dawa, mashine ya majaribio waliyotuletea ilimkataa mara mbili tatu huku watu wamepanga foleni nyuma yake, na yeye ndiye anayefika wa kwanza kuliko sisi wote. Nilisema hapana. Tukachukua kadi za kugusisha, kila mtu na yake, imekwisha. Kamera nazo zielekee mlangoni na kwenye ngazi. Kamera inayomwangalia mtu akiandika siku nzima haiongezi kazi hata kidogo, inaongeza woga, na watu wakiogopa wanaacha kukwambia matatizo mapema.

Hizi programu za akili mnemba za kuandika muhtasari wa kikao zinasaidia, ila kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya zinakosea majina na tarakimu, na kwa kazi yetu tarakimu moja ya kontena ni balaa. Mtu asome kabla haujatumwa. Na nyaraka za mteja zisiingizwe kwenye zile za bure.

La mwisho ni akaunti. Vifaa vyote hivi vinaendeshwa na programu ya simu, na mara nyingi kijana wa IT anavisajili kwa namba yake na barua pepe yake binafsi kwa sababu ndio haraka. Akiacha kazi ameondoka na ofisi yenu mfukoni, na wala sio kwa ubaya, kasahau tu. Fungua barua pepe ya ofisi kwa ajili ya vifaa peke yake, usajili uwe huko, watu wawili wawe na pasiwedi, na kwenye kila kifaa bandika karatasi ndogo inayosema kiliwekwa lini na kinazimwaje kwa mkono, ili hata mlinzi wa usiku akiona kinatoa harufu ya kuungua ajue wapi pa kubonyeza bila kumpigia mtu simu.