Daftari la jumuiya

Jumapili iliyopita nimechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, kundi dogo la majirani Wakatoliki tunaosali pamoja kila Jumamosi, hapa Kabuhoro, Mwanza, juu ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Kura 19 kwa 4. Nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahafali, na sioni haya kusema.

Nikaweka picha. Kabla ya jioni msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, si wewe uliyekuwa ukituambia dini ni biashara ya wajanja? Zama hizi za simu na bima ya afya, dini ina kazi gani tena?" Nimemwandikia majibu mara tatu nikayafuta. Ngoja nijibu hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna elimu kama yangu na kiburi kama changu.

Niliacha kusali nikiwa chuo, Nyegezi. Cha kuchekesha, chuo chenyewe ni cha maaskofu. Nilisoma vitabu viwili vitatu, nikarudi nyumbani nikiwa mjuaji. Baba alikuwa fundi mitumbwi pale Mwaloni, mtu wa maneno machache. Akinisikia nabeza rozari ya mama, ananiuliza tu kama nimeshakula.

Kisukari kikamla mguu, wakaukata chini ya goti. Mnaojua milima yetu mnajua: nyumba zimepachikwa juu ya mawe, njia yenyewe unashika kwa mikono. Mzee wa mguu mmoja haendi jumuiya saa 12 asubuhi. Hakwenda tena.

Alifariki 2014. Mimi na baba mdogo tukaenda kwa mwenyekiti wa wakati ule kutoa taarifa. Hata pole hakutoa. Alitoa kaunta buku, akalowesha kidole, akafunua kurasa taratibu.

"Mzee hana alama tangu Pasaka ya mwaka juzi. Na kadi ya zaka iko wazi."

"Alikatwa mguu, mwenyekiti."

"Mbona hamkuleta taarifa?"

Padri hakuja. Kwaya haikuja. Baba mdogo akasalisha Baba Yetu mwenyewe, sauti ikamkatika katikati. Kaburi lilichimbwa na majirani wa msikitini, mtaimbo kwa mtaimbo kwenye mwamba, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Nilipotaka kuwapa chochote, mzee mmoja wa kanzu alinisukuma mkono: "Weka hela yako. Jirani ana haki yake." Sikuona siku ile kwamba na hiyo ni dini. Niliona kaunta buku tu. Nililichukia miaka tisa, na lile swali la mwisho nililichukia zaidi, kwa sababu ni kweli hatukupeleka taarifa. Mama alikuwa anauguza. Wa kupeleka nilikuwa mimi.

Miaka iliyofuata haina cha kusimulia. Niliuza dagaa, nikaoa, mke wangu akawa anasali na mimi nikawa namsubiri na chai.

Mwaka 2023 mke alikwenda Ukerewe kumuuguza mama yake. Mimi nikashikwa na homa, nikadhani uchovu. Siku ya pili sikuweza kuinuka. Simu ikaisha chaji. Nilipokuja kuiwasha baadaye, nilikuta ujumbe wa kikoba: nimepigwa faini kwa kutohudhuria. Wateja wawili waliuliza dagaa wangu wako wapi. Aliyegonga mlango alikuwa mama mmoja wa jumuiya, mjane, muuza vitumbua. Mke wangu hakuwa na alama Jumamosi mbili, wakamtuma akaangalie kuna nini. Daftari lile lile, jamani! Alinikuta sakafuni. Wakanibeba vijana wanne kwenye yale mawe hadi barabarani, na asubuhi nikaamkia hospitali ya Bugando.

Watetezi wa dini hupenda kuishia hapo Bugando. Wanakwambia Kanisa ndilo lililoijenga, ikafunguliwa 1971. Kweli. Ila serikali iliichukua 1972 na wagonjwa wakaendelea kutibiwa, mpaka iliporudishwa kwa maaskofu 1985. Kwa hiyo hospitali si jibu. Hospitali na shule serikali inaweza kuziendesha. Na msinidanganye kwamba dini inatufanya wema: Kanda yetu hii ya Ziwa iliitia nchi aibu kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na Jumapili makanisa yalijaa, Ijumaa misikiti ikajaa.

Mimi jibu langu ni dogo. Mjini hapa nani atajua kama hujaonekana? Bima inakujua ukishafika dirishani na kadi. Benki inakujua ukikopa. Balozi wa nyumba kumi anakuja na mhuri ukimhitaji. Watu wa kukuhesabu kila wiki bila kukudai biashara, na kutuma mtu apande mawe ukikosekana, mimi nimewakuta kwenye dini peke yake. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo miaka ya 1970 walijua wanachofanya. Na anayekuhesabu anaweza pia kukuhesabia. Hilo nalijua kuliko ninyi.

Ushauri wangu basi, kijana mwenzangu. Jiandikishe mahali. Msikitini, kanisani, popote jina lako litaandikwa na mtu anayejua mlango wako. Usijiandikishe kwa nabii wa kwenye simu anayetaka "upande mbegu", yaani umtumie hela, kwa namba ya wakala. Huyo hajui hata kama unaishi Igoma au Igogo. Na ukiandikishwa, nenda. Ukishindwa kwenda, toa taarifa. Nasema tena, toa taarifa! Mnajifungia na digrii zenu, mnajibizana na watu msiowahi kuwaona, mkiugua mnalalamika hakuna aliyekuja. Nani angekuja, na jina lako haliko popote?

Nimeshakabidhiwa daftari. Kurasa za zamani zimo. Jina la baba limepigwa mstari kwa wino mwekundu, na karibu yake hakuna tarehe ya kifo. Nimeiandika.

Mwenyekiti yule wa zamani naye yumo. Magoti yamemshinda, Jumamosi tatu hana alama, na kwao hakuna aliyeleta taarifa. Jumamosi hii jumuiya itasali nyumbani kwake. Nimepanga mimi. Mke wangu aliniuliza kama naenda kumwona au kumkomoa, nikakosa la kumjibu. Akanunua sukari kilo mbili, akaniambia nikifika nimpe, nikae chini ninyamaze.