Jibu: Nakunywa manjano, mbona goti bado limevimba?

Salaam ndugu yangu, pole kwa goti. Umesema unakunywa manjano kwa maji ya moto kila asubuhi, uvimbe haushuki, na sasa unataka kuongeza vijiko.

Kwanza angalia dawa nyingine unazotumia. Kama unameza warfarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, au una mawe kwenye nyongo, acha manjano mpaka uongee na daktari. Tafadhali usilipuuze hili.

Kama huna hayo, basi huenda shida iko kwenye maji matupu. Kukumini, kile kiini kinachopambana na uvimbe, ni kama asilimia 3 tu ya unga, tena utumbo huipokea kwa shida. Wahindi huchemsha manjano kwenye maziwa yenye mafuta yake na wengi hutia pilipili manga. Utafiti wa India uliochapishwa 1998 ulionyesha kuwa piperini ya pilipili manga huongeza sana kukumini inayoingia kwenye damu. Mama yangu namtengenezea hivyo, ila baada ya chakula, maana akiwa na njaa humchoma tumbo. Nunua mizizi mibichi usage mwenyewe. Huko Bangladesh unga, na hata mizizi mikavu, vilishakutwa vimetiwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Shallaki, ile dawa ya viungo uliyoiulizia pia, ni utomvu wa Boswellia serrata, jamii moja na ubani lakini mti mwingine. Usimeze ubani wa kufukizia ukidhani ni huo.

Goti likiwa la moto, jekundu, na una homa, nenda hospitali leo hii.