Je, Baruti Yaruhusiwa Penye Mazimwi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika, ambamo kila mchezaji humwongoza mhusika wake kwa zamu, katika ufalme wa kubuni unaofanana na Ulaya ya Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15). Mchezaji mmoja anataka mhusika wake awe na bunduki na miwani. Wa pili anapinga, akidai kuwa vitu hivyo havikuwepo zama hizo. Wa tatu anasema palipo na mazimwi, historia haina kazi. Nimsikilize nani?

JIBU: Mpinzani wako ana nia njema, ila tarehe zinamsaliti. Miwani ilianza kutengenezwa Italia katika miaka ya 1280, na mchoro wa mzinga umo katika hati ya Kiingereza ya mwaka 1326. Deraya kamili ya mabamba ya chuma, ambayo naamini mashujaa wenu wameivaa tangu siku ya kwanza bila mtu kulalamika, ilifikia ukamilifu wake katika karne ya 15, mizinga ikiwa imekwisha kunguruma miaka mingi. Anayekataza baruti kwa hoja hiyo hana budi kuivua deraya pia.

Hata hivyo, kumkubalia mwenye bunduki si kumkabidhi bastola. Bunduki za mwanzo zilikuwa bomba fupi la chuma au shaba lililofungwa kwenye mpini wa mti: baruti ilimiminwa mdomoni, risasi ikashindiliwa juu yake, kisha moto ukapelekwa kwa mkono kwenye kitundu cha nyuma. Hazikuwa na kifyatuo, na baruti ikilowa, mpiganaji alibaki na rungu. Mpe silaha hiyo, umhesabie na zamu anazopoteza akishindilia, uone kama hatauomba upinde wake.

Mpaka wa kweli wa teknolojia umo katika kazi iliyo nyuma ya kifaa. Baruti huhitaji shura (chumvi inayosaidia moto kuwaka), kiberiti (yaani salfa) na makaa, na shura ilipatikana kwa kuchuja udongo uliokolea samadi na mikojo. Je, katika ufalme wenu ni nani anayeikusanya, na mfalme anamruhusu kumuuzia nani? Usipokuwa na jibu, bunduki hiyo haina risasi ya pili.

Huyo wa tatu naye asidhani kuwa uchawi unafuta sababu na matokeo. Kuta za Konstantinopoli (Istanbul ya leo), zilizohimili kuzingirwa na maadui mara nyingi, zilibomolewa kwa mizinga mwaka 1453. Ikiwa zimwi linaweza kufanya vivyo hivyo, au kuziruka tu, kwa nini wafalme wenu bado wanajenga ngome ndefu za mawe? Viazi na nyanya, vilivyofika Ulaya baada ya 1492, mimi nisingevigombania. Ningehofia zaidi mashine ya kuchapa ya miaka ya 1450, kwa sababu kitabu cha uganga kikichapwa nakala mia kadhaa, wachawi hawatakuwa wachache tena.

Chagua mwaka mmoja uwe kikomo, tuseme 1400, uutangaze kabla ya kikao kijacho, na kila kinachouvuka kiingie kwa uchawi wenye gharama iliyoandikwa.