Nyama nyeusi, sindano ya deksa na ini la njano

Daktari, fahali niliyemtoa mnadani alilala zizi moja na wenzake wageni, wakapigana hadi alfajiri. Nilipochinja, nyama nyeusi, inanata kisuni. Ni ugonjwa? (Mwenye bucha, Ngaramtoni)

Mkaguzi wa nyama aitazame kwanza, ila mimi nashuku lile pambano. Fahali akipandisha hasira, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Hiyo huamsha kimeng'enya kiitwacho fosforilesi, nacho hubomoa glikojeni, akiba ya sukari iliyomo misulini. Kwa mnyama aliyepumzika, akiba hiyo hugeuka asidi baada ya kuchinjwa, na pH ya nyama (kipimo cha uasidi: kadiri kilivyo chini, asidi ni nyingi zaidi) hushuka kutoka 7 hivi hadi kama 5.5. Wako alichinjwa ghala likiwa tupu. pH ikibaki juu ya 6, nyama hushikilia maji, huwa nyeusi na huharibika upesi. Na usidhani kumpumzisha saa mbili kungesaidia: ng'ombe huhitaji siku kadhaa kuirudisha akiba hiyo. Mara nyingine mfunge peke yake.

Ng'ombe wangu mwenye mimba ya miezi minane alichomwa deksa (deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe) kwa ajili ya mguu uliovimba, akazaa kabla ya siku zake. Kuna uhusiano? (Mama wa Marangu)

Pole sana, mama. Upo. Siku za kuzaa zikifika, ndama mwenyewe ndiye anayepiga hodi: tezi zake za juu ya figo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo huchochea vimeng'enya vya kondo la nyuma vigeuze projesteroni, homoni inayotunza mimba, kuwa estrojeni, homoni ya kike. Deksa ni ndugu wa kotisoli, na kondo halijui hodi ni ya nani. Anayechoma sindano alipaswa kuuliza mimba kwanza.

Shikamoo daktari. Kwa nini panya jike wa maabara hulala zaidi ya dume kwa dozi ileile ya heksobabitali, dawa ya usingizi? (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba. Testosteroni, homoni ya kiume, huongeza nguvu ya vimeng'enya vya ini la dume vinavyovunja dawa hiyo. Mhasi dume, kasi ya kuivunja inapungua. Mpe jike testosteroni, inapanda. Usilipeleke jibu hili kwa kila mnyama, tofauti hii ni ya panya hasa.

Ini la kuku anayetaga likiwa la njano, nilitupe? (Mama lishe, Kaloleni)

Rangi peke yake isikutishe. Estrojeni hulisukuma ini litengeneze mafuta ya kiini cha yai. Likiwa limevimba, linavunjikavunjika na lina damu iliyovilia, hapo litupe.